Gasketi ya Injini, na Namna ya Kuibadili Nyumbani



Hapa kwetu Nshambya, na katika Bukoba na Muleba kwa jumla, watu wengi siku hizi wana motokaa kuukuu walizozinunua kwa taabu. Motokaa hizo huwachukua walimu kwenda shuleni, ndizi na kahawa kwenda sokoni, na wagonjwa kwenda hospitali. Ikisimama motokaa, shughuli ya nyumba nzima husimama nayo. Na katika magonjwa yote ya motokaa upo mmoja ambao ukitajwa mwenyewe hushika kichwa, nao ni huu: "Gasketi imeungua."

Mimi ni karani wa ofisi, wala si fundi kwa kazi. Lakini kazi hii nimeifanya mara mbili kwa mikono yangu, chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza niliikosa, na mara ya pili ikafaa. Yafaa niwaeleze zote mbili, maana aliyeanguka shimoni huweza kuwaonyesha wenziwe lilipo shimo.

Gasketi ni kitu gani

Injini ya motokaa ina sehemu mbili kubwa. Ya chini ni bloku, na ndani yake mna matundu ya mviringo yaitwayo silinda. Katika kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Ya juu ni kifuniko, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, au hedi tu, nayo ina valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Sehemu hizi mbili hubanwa pamoja kwa bolti ndefu. Lakini chuma juu ya chuma, hata kikilainishwa namna gani, hakizibani kabisa. Kwa hiyo katikati huwekwa kibati chembamba chenye matundu, nacho ndicho gasketi.

Kibati hiki kina kazi ya ajabu. Hapo mahali penye upana wa kidole hupita vitu vitatu jirani jirani: moto ndani ya silinda, maji ya kupozea injini, na mafuta ya kulainisha. Moto wa petroli ndani ya silinda hupita digrii 2,000 kwa kitambo kidogo sana, na msukumo wake huweza kupita mara 40 ya uzito wa hewa tunayoivuta. Gasketi ni mpaka kati ya majirani hawa watatu. Mpaka ukivunjwa, kila mmoja huingia katika kibanja cha mwenzake, ndipo fitina huanza.

Tangu mwaka 1908, Ford ilipoanza kuuza motokaa yake iliyoitwa Model T, yenye hedi ya kufunguliwa, jambo hili limekuwa faida na taabu pamoja. Faida, kwa kuwa fundi hupata kufungua injini na kuitengeneza. Taabu, kwa kuwa palipo na kiungo ndipo penye kuvuja. Zamani gasketi zilifanywa kwa shaba na asbesto. Siku hizi nyingi hufanywa kwa vibati kadha vya chuma vilivyolaliana. Ukipata motokaa ya zamani sana, usikwangue gasketi yake ikiwa kavu, wala usipulize vumbi lake, maana vumbi la asbesto huharibu mapafu bila dawa.

Kwa nini huungua

Sababu kubwa ni joto lililozidi. Katika injini nyingi bloku ni ya chuma cha kusubu, na hedi ni ya alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma hicho. Hedi yenye urefu wa sentimeta 40, ikipanda joto kwa digrii 80, hurefuka karibu milimeta 0.7, hali bloku chini yake hurefuka karibu nusu ya hapo. Gasketi hustahimili kusuguliwa huku kila siku, maana ndivyo ilivyofanyizwa. Lakini maji yakikauka, hedi hupata joto kupita kiasi, hujipinda kama ubao uliolazwa juani, na gasketi hupoteza mbano wake. Hapo moto hupata upenyo.

Sisi watu wa Bukoba tuna sababu ya kujihadhari zaidi. Mji wetu uko kando ya Ziwa Victoria, lakini ziwa lenyewe liko juu ya bahari zaidi ya meta 1,100. Kwa kimo hiki maji katika sufuria huchemka karibu na digrii 96, wala hayangoji kufika 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyafungia kwa msukumo hata yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo sana, huweza kuua injini nzima. Tena njia zetu ni za vilima. Gari lililojaa mikungu ya ndizi, likipanda kilima polepole, halipati upepo wa kutosha katika rejeta.

Dalili zake

Mwenye motokaa na azijue dalili hizi, asije akatoza gasketi deni lisilo lake.

Maji ya rejeta hupungua kila siku, wala huoni mahali yanapovuja. Moshi mweupe hutoka katika eksozi hata injini ikiisha kupata moto, nao una harufu tamutamu ikiwa umetia kulanti. Ukifungua rejeta injini ikiwa baridi, kisha ukaiwasha, mapovu hutoka mfululizo. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu mara baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili, waona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Au injini hutetemeka asubuhi, na plagi moja ukiitoa ni safi kama iliyooshwa.

Lakini dalili moja haitoshi. Bukoba ni nchi ya mvua nyingi na asubuhi za baridi. Motokaa iendayo safari fupi tu, mathalan kutoka Nshambya hadi sokoni na kurudi, huweza kufanya utandu mweupe chini ya kifuniko cha oili kwa ajili ya unyevu wa hewa, na gasketi yake ni nzima. Mwende nayo safari ndefu kwanza, kisha mtazame tena. Vile vile maji huweza kupungua kwa pampu iliyochoka au mpira uliotoboka.

Yaliyonipata

Motokaa yangu ni Toyota kuukuu ya petroli, yenye silinda nne. Siku moja nilikuwa nikirudi kutoka Kemondo, nikaona mshale wa joto umepanda. Nikajisemea moyoni, "Bado kidogo, nitafika." Kumbe mpira mdogo wa maji ulikuwa umepasuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilifika nyumbani, lakini injini ilikuwa ikitoa mvuke kama chungu, na kesho yake oili ilikuwa chai ya maziwa.

Nikanunua gasketi mpya, nikaazima spana kwa jirani, nikaifungua injini siku ya Jumamosi. Jumapili jioni ilikuwa imekwisha kufungwa, nami nikajiona fundi mkubwa. Lakini sikupima uso wa hedi. Niliutazama kwa macho tu, nikauona umenyoka. Tena bolti nilizikaza kwa nguvu za mkono, kila moja kwa kadiri nilivyoona.

Baada ya majuma mawili, saa nane za usiku, shemeji yangu alishikwa na uchungu wa uzazi. Nikamtia katika motokaa pamoja na mama mkwe wangu. Kabla hatujafika nusu ya njia mshale ukapanda tena, na moshi mweupe ukajaa nyuma yetu. Ilinibidi kuzima injini, tukakaa gizani kando ya njia, mvua inanyesha. Mama mkwe hakuniambia neno, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko matukano. Kwa bahati gari la mchuuzi wa samaki lilipita, likatuchukua, na mtoto alizaliwa salama hospitalini. Lakini tangu usiku ule nilifahamu ya kuwa kazi ya injini si ya kuifanyia majivuno. Na gasketi ya pili niliinunua kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa karo ya shule ya mwanangu.

Mara ya pili niliipima hedi. Kati ya silinda ya pili na ya tatu palikuwa na upenyo wa milimeta 0.15. Unywele wa mtu una unene wa kama 0.07. Basi upenyo wa nywele mbili ndio uliotulaza njiani.

Namna ya kufanya kazi

Kabla ya yote, pata kitabu cha injini yako hasa, au vipimo vyake vilivyo hakika. Injini mbili za kampuni moja huweza kuwa na vipimo mbalimbali. Pata na spana ya kupimia nguvu, ile iitwayo toki renchi, hata kwa kuazima. Asiyeipata hiyo asianze kazi hii.

1. Fanya kazi injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue rejeta yenye moto, maana maji yaliyofungiwa hulipuka usoni. Fungua waya wa hasi wa betri. Ukihitaji kuingia chini ya gari, liegemeze juu ya vigingi vya chuma vya gereji. Jeki peke yake huteleza, na mawe hupasuka.

2. Kinga maji na oili katika karai. Kulanti ni tamu, nayo ni sumu. Watoto, mbwa na mbuzi huipenda. Usiimwage migombani wala mtaroni, maana mitaro yetu yote huteremka ziwani. Oili chafu itie katika dumu, uipeleke kwa wanaoikusanya.

3. Andika kila kitu. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, na kila waya na mpira ufunge karatasi yenye jina lake. Chora umbo la hedi juu ya kipande cha boksi, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Kazi ya ukarani hapa yafaa kuliko nguvu.

4. Ikiwa injini ina mkanda wa taimingi, zungusha krenki kwa spana hata alama zote zilingane, kisha uutoe mkanda. Tangu hapo usizungushe kitu mpaka hedi itoke.

5. Legeza bolti za hedi kwa kuanzia nje ukielekea katikati, kila moja kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Ukiifungua moja kabisa kabla ya nyingine, hedi huweza kujipinda mbele ya macho yako.

6. Inueni hedi watu wawili, moja kwa moja kwenda juu. Usiichokoe kwa bisibisi katika uso wake. Mkwaruzo mmoja ni njia ya maji. Itazameni gasketi ya zamani. Mahali ilipoungua huwa na alama nyeusi kati ya tundu na tundu, napo ndipo pa kupima kwa uangalifu zaidi.

7. Ziba silinda kwa vitambaa safi, kisha ukwangue mabaki kwa ubao mgumu au plastiki. Usitumie msasa wa mashine. Unga wake huingia katika njia za oili na kula beringi. Safisha na kukausha matundu ya bolti. Tundu lenye maji au oili chini, ukiikaza bolti, huweza kupasua bloku, maana maji hayakubali kubanwa.

8. Sasa pima. Simamisha rula ya chuma iliyonyoka kabisa juu ya uso wa hedi, ujaribu kupitisha chini yake vile vibati vya kupimia nafasi. Pima mara sita: kwa urefu pande mbili, kwa upana ncha mbili, na mshazari mara mbili. Fanya vivyo hivyo juu ya bloku. Injini nyingi ndogo za petroli haziruhusu zaidi ya milimeta 0.05, lakini kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho. Ikizidi, ipeleke hedi kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha, na kwanza aipime kama ina ufa. Hedi yenye ufa haiponi kwa kusawazishwa.

9. Laza gasketi mpya, matundu yote yalingane, na upande wenye alama ya juu uwe juu. Usiipake gundi wala grisi, illa kitabu kikisema. Injini nyingi hutumia bolti zinazonyoshwa zinapokazwa. Hizo hazirudiwi, sharti zinunuliwe mpya.

10. Kaza bolti kwa kuanzia katikati ukielekea nje, kinyume cha ulivyolegeza. Usikaze mara moja. Zipitie zote kwa nguvu ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha kipimo cha mwisho. Kitabu kikisema uongeze robo mzunguko, yaani digrii 90, tia nukta ya rangi juu ya kila bolti, upate kuona ni ipi umeizungusha na ipi bado.

11. Rudisha mkanda kwa alama zake, kisha uzungushe injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe, maana pistoni imekutana na valvu. Rudi utazame alama.

12. Tia oili mpya na chujio jipya, kisha kulanti kwa kadiri iliyoandikwa. Washa injini, fungua hita ya ndani, uache hewa itoke majini, ungoje hata feni izunguke yenyewe. Ikipoa, tazama kipimo cha maji tena. Ikiwa maji yalikuwa yameingia katika oili, imwage oili hiyo mpya baada ya siku chache, utie nyingine.

Neno kubwa kuliko yote

Gasketi haiungui bila sababu. Anayebadili gasketi na kuacha sababu yake ni kama mganga anayemfuta mgonjwa jasho na kuiacha homa. Kabla ya kufunga, angalia termostati, pampu ya maji, feni, mipira yote, rejeta na kifuniko chake. Vitu hivi vyote pamoja ni rahisi kuliko injini.

Tena wako watu watakaokushauri utie yai, pilipili au dawa ya kuziba ndani ya rejeta. Huenda ukapata nafuu ya siku chache, lakini vitu hivyo huziba vijia vyembamba vya rejeta, na ugonjwa hurudi na mwenzake.

Huenda msomaji akauliza, "Je, kila mtu na afanye kazi hii nyumbani?" La. Asiye na vipimo, asiye na mwenzi wa kuinua hedi, au mwenye kuharakia safari ya kesho, na ampe fundi. Lakini hata huyo amefaidiwa na kujua, maana ataweza kumwuliza fundi wake maulizo mawili: "Hedi umeipima? Na bolti umezikaza kwa kipimo gani?" Fundi mwema hufurahi kuulizwa. Na vijana wenye mikono myepesi waliojifunza chini ya miti, wasidhani ya kuwa mlango umefungwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia mafundi waliojifunza kazini, na kuwapa hati.

Nchi yetu si ngeni kwa kazi ya moto na chuma. Wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 habari za tanuri za chuma za kale zilizopatikana karibu na Kemondo, zenye umri wa miaka zaidi ya 1,500. Waliozitumia hawakuwa na vitabu wala spana ya kupimia nguvu, lakini hakika walijua kungoja moto ufike kadiri yake, maana chuma hakikubali haraka.

Mtoto yule aliyezaliwa usiku wa mvua sasa hutembea. Kila akipanda katika motokaa yangu, mama mkwe hutazama kwanza mshale wa joto, kisha hunitazama mimi. Nami siku hizi humjibu bila aibu, "Mama, nimepima."